Msusi na Shingo ya Sweta

Sweta ya kwanza ilirudi ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa karatasi, na kilichonitia wasiwasi ni huko kukunjwa vizuri. Mtu mwenye hasira anatupa. Anayekunja hivyo, mikono imelazwa mgongoni na mishono ya ubavuni imelingana, huyo hasira zimeshamwisha na sasa ameamua.

Juu yake kulikuwa na kikaratasi cha Mwenyekiti wetu: "Jaribuni wenyewe. Nakuja Jumamosi." Basi. Hata salamu hakuweka, na yule ni mtu ambaye akikuandikia meseji ya kuazima sindano huanza kwa kuulizia magoti yako.

Nikaitoa, nikaikung'uta, nikamvalisha Mheshimiwa. Huyu Mheshimiwa ni sanamu ya kuonyeshea nguo, kichwa na mabega tu, saizi ya mtoto wa darasa la pili, tuliyopewa duka moja lilipofungwa. Anakaa juu ya kabati la nyuzi. Tunamwita hivyo kwa kuwa anasikiliza malalamiko ya kila mtu na hajawahi kujibu hata moja. Kichwa kilipita bila shida. Kilipita kama mkono unavyoingia kwenye ndoo. Kisha sweta ikateleza bega la kushoto, ikatulia kidogo kana kwamba inafikiri, ikashuka yote, ikamwacha Mheshimiwa mabega wazi mbele za watu.

"Bibi," mjukuu wangu akaita kutoka chumba cha nyuma, "mbona kimya?"

"Njoo uone," nikasema. "Na mwenzako aje."

Niwaeleze kwanza tulivyo. Chama chetu cha wafumaji kina karakana tatu. Moja ni hii yangu, chumba cha mbele cha nyumba, mashine za kufumia ziko karibu na dirisha na viti vya wanaofuma kwa mkono viko ukutani. Ya pili ni ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ng'ambo ya mto. Ya tatu ni ya Mwenyekiti, mji wa jirani. Sote tunafuma sweta zilezile za shule, na lazima zifanane, maana watoto watasimama mstari mmoja na mwalimu ana macho.

Zamani maelekezo ya sweta yalibandikwa ukutani kwa Mwenyekiti. Ukitaka kubadili kitu unampigia simu, anaandika pembeni kwa kalamu, halafu anatupigia sisi wengine, kama salio lipo na kama hajasahau. Kuna mwaka karakana yangu ilifuma mfuko upande wa kulia na ya wifi upande wa kushoto, na kila mmoja alikuwa na shahidi.

Hapo ndipo mjukuu wangu na mwenzake walipokuja na Msusi. Msusi ni programu ya kompyuta. Wameiandika wao wawili humo chumba cha nyuma, nilikokuwa naweka magunia ya sufu, na magunia mengine bado yamo, wanayakalia. Mwenzake tunamwita Mrefu. Akipita mlango wowote huinama, hata ule wa kanisa kubwa, kwa sababu mlango wangu ulishamfundisha. Jambo lililonichekesha mwanzoni ni kwamba wanatumia Msusi kuandikia Msusi. Yeye anaandika kwake, Mrefu anaandika kwake, halafu wanaagiza programu isuke kazi zao ziwe moja, na kesho yake wanairekebisha hiyohiyo iliyowasukia.

Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo nilimwomba anieleze polepole, naye akanieleza polepole.

"Bibi, kila karakana itakuwa na maelekezo yote ndani ya kompyuta yake, pamoja na historia yake yote tangu siku ya kwanza. Siyo kipande, yote. Siyo kwamba yako ni nakala na ya Mwenyekiti ndiyo yenyewe. Zote ndizo zenyewe."

Unabadili unachotaka, mtandao uwepo usiwepo. Unaandika kwa sentensi moja umebadili nini na kwa nini. Mashine inaupa mstari huo wa historia alama yake, herufi na tarakimu zilizochanganyika, na alama hiyo inatokana na maneno yako pamoja na alama iliyotangulia. Alinionyesha kwa kipande cha sweta nilichokuwa nimeshika: kila kitanzi kimepita ndani ya kitanzi cha chini yake, ukichezea cha chini vya juu vyote vinajua. Hapo tulielewana kabisa.

Mkikutana sasa, kwa mtandao au kwa flashi anayoileta dereva wa gari la sufu, unavuta ya wenzako na kusukuma ya kwako, na Msusi inasuka. Kama wawili mmegusa mstari uleule, inasimama. Inasema pana mgongano, amueni wenyewe. Mimi na wifi tulisimamishwa mara nyingi, tukawa tunapigiana simu asubuhi:

"Umevuta?"

"Nimevuta, sijasukuma."

"Sukuma basi, mwenzio nangoja!"

Jirani aliyekuwa akipita dirishani aliniuliza kama tumenunua mkokoteni.

Mwanangu, baba wa huyu binti, hakuwa anacheka. Alikuwa amemtafutia kazi katika ofisi moja kubwa, mji wa mbali. Kiti kinachozunguka, likizo, daktari wa bure. Binti akamwomba msimu mmoja tu wa shule, na wakakubaliana mbele yangu, meza hiihii. Chama kikiendelea na Msusi baada ya msimu, anabaki na kazi yake aliyoianzisha. Chama kikiiacha, anafunga begi, na Mrefu atafute kwake. "Programu haiwezi kukaa miaka chumba cha nyuma ikitumiwa na waliotunga tu," alisema mwanangu, na kwa hilo hakukosea. Mjukuu wangu alitikisa kichwa kukubali, ila vidole vyake vilikuwa vinachuna ule mpira wa pembeni ya meza mpaka ukatoka kipande.

Kwa hiyo pale aliposimama mbele ya Mheshimiwa, alikuwa haoni sweta. Alikuwa anaona begi.

"Labda mtoto ni mwembamba," Mrefu akasema.

"Ni sanamu," akajibu mjukuu.

Akaenda kuleta kompyuta, akaiweka juu ya mashine ya kufumia, akatafuta siku maelekezo ya mwisho yaliposukwa. Yalikuwapo, na chini yake yale maneno ambayo Msusi huandika kazi ikienda sawa: "Misuko imeungana. Hakuna mgongano." Akayasoma kwa sauti. Akayasoma tena, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Nikampigia wifi, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Wifi, sweta zimerudi."

"Za nani?"

"Zetu sote. Shingo zinamwagika."

"Ahaa! Nilijua. Ni kola yako hiyo. Nilisema kola ile ni mdomo wa kikapu."

"Kola yangu haina neno. Wewe ndiye uliyechimba shingo mpaka kifuani."

"Nimechimba? Mimi? Watoto walikuwa wanalia wakivalishwa, masikio yanabaki ndani ya sweta! Nimeokoa masikio ya watu!"

"Na mimi niliokoa masikio hayohayo."

"Basi mwenye kosa atajulikana. Na mwambie mjukuu wako mashine yake inasema uongo."

Huyo ndiye wifi. Binti akifanya vizuri ni mjukuu wetu. Akiteleza ni wangu.

Simu ilipokatika, Mrefu alikuwa wa kwanza kusema. "Turudishe kola ya zamani leo. Halafu tuondoe kabisa ule muungano kwenye historia. Mwenyekiti akija Jumamosi akute pasafi."

Mjukuu wangu hakupandisha sauti. "Utauondoa hapa. Kwa bibi wa ng'ambo je? Kwa Mwenyekiti mwenyewe je? Umo kwenye kompyuta yake, na alama zake zote. Wewe ndiye uliyeandika sehemu inayozuia watu kufanya hivyo."

"Niliiandika vizuri mno," Mrefu akasema, akajiachia juu ya gunia. Halafu baada ya muda: "Hata hivyo nisingefanya."

"Najua. Ndiyo maana sijakurushia kitu."

Akaanza kuokota nyuzinyuzi za sufu kwenye mkono wa blauzi yake, moja moja, anafanya hivyo tangu mdogo akiwa na jambo. Kisha akaniambia kwamba hatutakisia. Katika msimu mzima tumebadili vitu vingi: sindano, upana wa mkono, sufu mpya iliyo nene kuliko ile ya zamani, mfuko, kola, shingo. Kila mtu ana mtuhumiwa wake. Tuirudishe Msusi hadi katikati ya msimu, tufume kama maelekezo yalivyokuwa siku hiyo, tumvalishe Mheshimiwa. Ikiwa shingo inamwagika, ubaya uko kabla ya hapo. Ikiwa haimwagiki, ubaya uko baada. Halafu tunagawa tena kile kilichobaki.

"Kufuma sweta nzima?" nikauliza.

"Shingo tu, Bibi. Kuanzia kwapani kwenda juu."

"Hiyo nafuma huku nimefumba macho."

"Usifumbe. Fuata maandishi neno kwa neno, hata kama yamekosewa."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kufuma. Mkono uliozoea unataka kusahihisha wenyewe.

Mtandao siku hiyo ulikuwa umekufa tangu asubuhi. Simu za kawaida zilikuwa zinapita, kwa kukwaruza. Nikafikiri kazi yote itaniangukia mimi, lakini binti akampigia bibi wa ng'ambo, akamweleza, akamwambia aandike amri fulani kwenye kompyuta yake. Tukangoja. Tukasikia wifi anabonyeza, anajisemea, anamfukuza kuku.

"Imekuja," wifi akasema. "Ya katikati ya msimu. Imekujaje na mtandao hakuna?"

"Haikuja, Bibi. Ilikuwamo humo siku zote."

"Yaani sihitaji kutumiwa kitu na wifi yangu?"

"Hata kimoja."

"Ehee," akasema wifi, kwa sauti ya mtu aliyegundua nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukifungua.

"Sasa nisomee herufi za mwanzo za alama, tuhakikishe tunashika kitu kimoja."

Wifi akasoma kama anayesoma namba za gari lililomgonga mbuzi wake, na mjukuu akafuata kwa kidole kwenye kioo chetu. Zililingana. Tukaanza.

Tulitumia masalio ya nyuzi, kwa hiyo kila shingo ikawa na rangi yake. Ile ya katikati ya msimu niliifuma kwa njano. Mheshimiwa alikwama masikioni, sawasawa na watoto waliokuwa wakilia mwanzo wa mwaka, na Mrefu alilazimika kumshika kidevu ili tumvue. Maana yake sindano na sufu nene havikuwa na hatia, ubaya ulikuja baadaye. Tukagawa tena, tukafuma ya kijivu, ikabana vilevile. Mwisho zikabaki njia mbili tu, yangu na ya wifi, kama zilivyokuwa kabla ya kusukwa pamoja.

Hapo wifi akaleta wazo lake, na nampa haki yake kwalo.

"Wewe fuma ya kwangu," akasema, "mimi nifume ya kwako. Mtu asije akapendelea mtoto wake."

Basi nikakaa na maelekezo ya wifi. Miaka yote tumefuma pamoja, lakini sikuwahi kufuata mkono wake mstari kwa mstari namna hiyo. Ni mfumaji anayejali. Pale mimi ningeandika "punguza", yeye ameandika punguza wapi, kwa sindano ipi, na uzi ukae mbele au nyuma. Shingo yake inaanza mapema, mistari kadhaa chini ya ile ya zamani, na hapo pembeni alikuwa ameandika sababu kwa sentensi moja: "Shingo ianze chini zaidi, masikio ya watoto yanaumia." Nikafungua ya kwangu kuona mimi niliandika nini. "Kola iokotewe vitanzi zaidi na kwa sindano nene, masikio yapite." Nilikaa nikiziangalia sentensi hizo mbili mpaka chai ikapoa.

Nilifuma kwa uzi wa rangi ya damu ya mzee. Nilipomaliza, nikamvalisha Mheshimiwa, kichwa kikapita kwa ustaarabu, kola ikakaa shingoni, mabega yakafunikwa. Nikazunguka kabati kumwona kwa nyuma. Hakuna kasoro.

Simu ikaita kabla sijaishika.

"Wifi," nikasema.

"Anza wewe."

"Ya kwako imeenea. Imeenea vizuri sana."

Niliwasikia kuku wake.

"Na ya kwako imeenea," akasema. "Sina sanamu mimi, nimevalisha birika. Imekaa kama limezaliwa nayo."

"Sasa mbona..."

"Ndiyo nakuuliza wewe, mbona?"

Mjukuu wangu alikuwa ameshakaa sakafuni, ameegemea kabati, anacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Akaiomba simu.

"Mmeponya ugonjwa mmoja mara mbili," akawaambia bibi zake wote kwa pamoja. "Bibi ameilegeza shingo juu, kwenye kola. Bibi wa ng'ambo ameishusha chini, kifuani. Kila mmoja peke yake amepatia. Mistari yenu haikugusana, kwa hiyo Msusi ikaona hapa hapana ugomvi, ikasuka. Na kweli ugomvi haukuwapo."

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa," wifi akasema, na kidogo alisikitika.

"Kwenu hakuna."

Akarudisha simu, akasimama, na kile kicheko kilikuwa kimeisha. Alitazama kompyuta. "Mimi ndiye niliyeipa yale maneno ya kusema," akamwambia Mrefu. "'Hakuna mgongano.' Mtu akiyasoma anaelewa kwamba sweta iko salama. Msusi haijui sweta. Inajua mistari."

"Tuifundishe kujua sweta?" Mrefu akauliza.

"Hatuwezi. Kesho itakuwa soksi, keshokutwa kitabu cha nyimbo."

Mrefu alikuwa ameishika ile shingo ya njano inayobana. Sijui alifikiria nini, akajaribu kuipitisha kichwani mwake yeye. Ikaishia kwenye nyusi. Akabaki hivyo, kofia ya njano, pua inatokeza, akasema kutoka ndani: "Nyinyi mngejua siku ileile kama mngevalisha. Tatizo si kwamba Msusi haijui. Tatizo ni kwamba haijauliza."

Mjukuu wangu akamkodolea macho. Kisha akamvuta mkono, wakaingia chumba cha nyuma, Mrefu akainama mlangoni na kofia yake. Mchana wote nikasikia vibonyezo vinalia kama mvua ndogo juu ya bati, mmoja akianza mwingine akimkatiza, na mara mbili wakagombana juu ya neno, wakapatana.

Mimi na wifi tulibaki na letu. Sweta zilikuwa zimeshafumwa nyingi, na moja kati ya dawa zetu lazima iondoke. Kola hufumwa mwisho. Tukiitoa kola yangu na kurudisha ya zamani, tunafumua juu tu, kazi kidogo kwa kila sweta. Tukiitoa shingo ya wifi, tunafumua kifua chote. Hapakuwa na haja ya mkutano.

"Yangu ndiyo itoke," nikamwambia.

"Una hakika? Kola yako ni nzuri. Nimeifuma kwa mikono yangu, naijua sasa."

"Itoke. Haipotei, imo kwenye historia. Siku tukifuma za watoto wakubwa tutaiita."

"Tutaiita," akasema. Halafu: "Mdomo wa kikapu ni neno la hasira tu, wifi."

Nikafumua jioni hiyo, na kesho yake, na wanawake wote wa karakana wakafumua. Uzi uliofumuliwa unabaki na mawimbi yake, kama nywele zilizofumuliwa misuko. Tukauloanisha, tukautundika na uzito chini, unyooke.

Jumamosi Mwenyekiti alifika mapema, na mkoba wake mgumu. Wifi naye alikuwa ameshavuka mto, amekaa kiti cha karibu na mlango na ile shingo aliyoifuma ndani ya pochi. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu. Hucheki mbele yake mpaka akupe ruhusa.

"Nani aliharibu?" akauliza, kabla hajakaa.

Mjukuu wangu hakuanza na kompyuta. Alimweka Mheshimiwa juu ya meza, akapanga shingo tatu kando yake, ile ya damu ya mzee, ile aliyofuma wifi, na sweta iliyorudi. Akamwambia Mwenyekiti amvalishe mwenyewe. Mwenyekiti akavalisha ya kwanza, akapitisha kidole kati ya kola na shingo. Akavalisha ya pili, akapitisha kidole. Akavalisha ya tatu, ikaanguka. Akatutazama mimi na wifi.

"Hii ya wifi yako," akaniambia mimi, "umeifuma wewe?"

"Mimi."

"Na hii ya kwako, kafuma yeye?"

"Mimi," wifi akasema, "nikavalisha birika."

Mwenyekiti akakaa. Akaomba kuona historia, na binti akamfungulia kwenye kompyuta ya Mwenyekiti mwenyewe, ambayo alikuwa ameibeba mkobani, si kwenye yetu. Mambo yote yalikuwamo humo, sentensi yangu na sentensi ya wifi, na siku zilipoungana. Akasoma taratibu, miwani puani.

"Mashine yako ilisema salama," akasema bila kuinua kichwa.

"Ilisema hakuna mgongano. Mimi ndiye niliyeandika maneno yale, na hayakutosha." Akavuta kompyuta yetu karibu. "Sasa tumebadilisha. Naomba uone."

Akafanya kama anayesuka maelekezo ya mfano, mabadiliko mawili madogo. Msusi ikasuka. Lakini badala ya yale maneno ya zamani yakatokea mengine, na Mwenyekiti akayasoma kwa sauti yake ya darasani:

"'Mistari imeungana. Fumeni kipande. Mheshimiwa amevaa?'"

Chini yake palikuwa na nafasi ya kujibu ndiyo au hapana, na nafasi ya jina la aliyemvalisha. Bila jibu, mashine ilikataa kusukuma kwa wengine. Unaweza kuendelea kufanya kazi kwako upendavyo, ila kwa mwenzako haiendi.

"Mheshimiwa ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

Sote tukamtazama Mheshimiwa. Alikuwa bado na sweta iliyomwanguka, mabega wazi, uso wake uleule wa kupokea malalamiko.

Mwenyekiti alianza kwa kukohoa. Halafu akavua miwani. Halafu akacheka mpaka akashika meza, nasi tukaona ruhusa imepatikana, tukacheka, wifi akipiga paja lake na Mrefu akigonga kichwa kwenye fremu ya mlango kwa kusahau kuinama.

Alipotulia, akasema zamani jambo kama hili lingetuchukulia msimu mzima, na watu wawili wasingesalimiana tena. Yeye alikuja na uamuzi wake tayari mkobani, akakiri, na anarudi nao haujatoka. Msimu ujao tutaendelea. Ila karakana yake nayo ipatiwe Mheshimiwa, hawezi kuvalisha birika mtu wa cheo chake.

Mjukuu wangu alisema asante, kwa sauti ndogo, akaenda chumba cha nyuma. Nilimfuata baada ya muda. Alikuwa amekaa juu ya gunia na simu mkononi, jina la baba yake liko kwenye kioo, hajabonyeza.

"Atasema msimu mmoja ni bahati," akaniambia.

"Huenda."

"Na atasema ofisi haitangoja."

"Haitangoja. Mpigie."

Kabla hajabonyeza, simu ya wifi ilisikika chumba cha mbele, sauti ya nje, maana wifi haamini simu ambayo watu wengine hawaisikii.

"Shikamoo shangazi," ilikuwa sauti ya mwanangu.

"Marahaba. Nikuulize, wewe ulipokuwa mdogo nani alikuvalisha sweta ukaacha kulia?"

"Wewe, shangazi."

"Basi nisikilize. Huyu mtoto mwache. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema mashine yake ni ya uongo, kwa hiyo mimi ndiye wa kusikilizwa. Chama kimeamua kinaendelea. Nawe ulitoa neno lako mezani kwa mama yako."

Mwanangu akauliza, kwa ile sauti yake ya kuuliza anapotaka kukubali bila kuonekana amekubali, kama kweli hiyo programu inaweza kutunza michoro ya nyumba, kwa sababu kazini kwao mafundi wana michoro miwili ya jengo moja na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo ya mwisho.

Mjukuu wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alitazama kompyuta, akatazama simu ya wifi, akafuta macho kwa mkono wa blauzi uliojaa sufu, akakohoa sababu ya sufu.

"Inaweza, baba," akasema. "Lakini mtahitaji mtu wa kuvalisha."

Nikawaacha wakiongea. Mimi nilikuwa na kola za kurudishia. Uzi ulikuwa umekauka na mawimbi yamelala, Mheshimiwa amerudi juu ya kabati lake, na wifi akavuta kiti karibu na changu, akachukua sweta moja kutoka kwenye rundo langu bila kuniuliza, akaanza kuokota vitanzi.

"Umevuta?" nikamuuliza.

"Fuma, wewe," akasema.